Pasi Iliyomtemea Kutu Tausi wa Mke Wangu

Kamwene nyie vijana wa Iringa, na nyie mliotoka kwetu Mbeya, ndaga. Sogeeni. Wenye maduka ya kufulia kwa mashine mkae mbele, maana nawasema nyie. Na nyie mnaonunua hadi chumvi kwenye simu mkae mbele zaidi, maana nyie ndio wagonjwa wenyewe. Nimeambiwa nizungumze habari za kazi ya udobi. Nitazungumza. Ila leo nina hasira, na mtu mwenye hasira hazungumzi kwa mpangilio, kwa hiyo msiniulize ilikuwa mwaka gani. Mimi mwaka sijui. Mimi najua doa.

Nimefua Mwanjelwa, kule Mbeya, miaka zaidi ya thelathini. Shule sikusoma, niliishia kuchora a, e, i kwenye vumbi, lakini ukinipa shati nalisoma lote. Nikishika kola najua mwenyewe anafanya kazi gani, jana kala nini, na kama nyumbani kwake kuna amani. Na wanga wangu ulikuwa mkali, bwana. Kuna afisa mmoja alivaa shati nililolitia wanga mimi, akageuza shingo kumtazama mwanamke anapita, kola ikamkata kidevu. Kuna mwingine nilimnyooshea suruali, ule mstari wa mbele ukasimama hivi, wakawa wanakatia mkate nyumbani kwao. Mnacheka. Kaulizeni Mwanjelwa.

Pasi yangu ilikuwa ya mkaa, ile yenye jogoo pale kwenye kifungio. Nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Nyie zenu mnazishika kwa vidole viwili kama kikombe cha chai, halafu mkishinda siku moja mnasema mgongo unauma.

Aliyenifundisha ni Mzee Asukile, Mungu amrehemu, mtu mfupi, mkali, hana meno ya mbele. Alinifundisha mambo mawili. La kwanza, doa halilazwi. Ukiliona saa hii, unalitoa saa hii, hata kama mkeo anajifungua chumba cha pili. Hilo nilishika haraka.

La pili nililishika kwa machozi. Nilikuwa kijana, nanyoosha koti la mwalimu mkuu mmoja. Nje yakapita magari ya harusi na matarumbeta. Nikatoka kidogo tu kuchungulia. Kidogo tu, nyie, bibi harusi nilimwona nusu. Kurudi, pasi imekaa mgongoni mwa koti, imejichora yote mpaka ncha. Nikajifanya mjanja. Nikamwambia Mzee Asukile, basi namrudishia mwalimu hela yake ya kupiga pasi, yaishe.

Akaniuliza, "Hela ya kupiga pasi unamrudishia. Na mgongo wa koti utamrudishia na nini?"

Akanibebesha lile koti, upande ulioungua juu, tukapita sokoni katikati watu wananiangalia, mpaka mlangoni kwa mwalimu. Nikafanya kazi bila mshahara mpaka mahindi yakavunwa mara mbili. Koti likalipwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kitu chako kikiharibu cha mwenzio, hulipi bei ya kitu chako, unalipa kilichoharibika. Sisi madobi tusiojua kusoma tulilijua hilo. Sasa njooni muone wasomi.

Nilipochoka kifua kwa moshi wa mkaa nikaacha kazi, nikahamia hapa Kihesa na mke wangu, Mama Lusajo, ambaye kwao ni Idodi. Mama Lusajo akikasirika hagombi. Ananyamaza. Ukimya wake ukiuweka kwenye mizani unazidi gunia la viazi.

Huyu mama anafuma vitambaa tangu msichana. Kwangu hakuna kitu kiko uchi. Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, friji lina kitambaa, na siku moja nilisinzia kwenye kiti nikaamka nina kitambaa kichwani. Mkuu wa vyote ni kile cha meza, kina tausi amefungua mkia, kila nyoya ukiliangalia lina jicho lake. Alikianza Lusajo yupo tumboni, akakimaliza Lusajo anakimbia. Nimefua nguo za maharusi, za mapadri, za wabunge, sijawahi kuona kitu kimefumwa hivyo.

Ikafika zamu yetu jumuiya kuja kusali nyumbani, Jumamosi asubuhi. Nyie mnajua akina mama wa jumuiya. Wakisali jicho moja linafumba, jingine linakagua vitambaa. Mama Lusajo akanikazia macho, maana yake vitambaa vyote vifuliwe, vitiwe wanga, vinyooshwe. Pasi ya mkaa kifua kinakataa. Nikaona kwenye simu yake pasi ya mvuke, inang'aa kama bati jipya. Duka lenyewe liko wapi? Mwanjelwa. Nikasema Mwanjelwa ni kwetu, hawawezi kunipa kibovu. Nikalipa, mzigo ukaja na basi.

Alhamisi mchana nikachomeka. Vitambaa vya makochi vikanyooka vizuri, nikavipanga pembeni. Mpaka nikaanza kuwaonea wivu nyie vijana. Nikamtandika tausi. Pasi ikakohoa. Nasema ikakohoa, kama babu aliyevuta kiko tangu ubatizo. Halafu ikatema. Maji ya kutu, mekundu kama barabara ya Idodi, yakamwagika kwa tausi, yakaruka mpaka kwenye vile vya makochi nilivyokwisha kunyoosha. Nikazima. Taa ikazimika, moto haukuzimika. Nilipokuja kuchomoa waya ukutani, kichwa cha tausi hakipo. Pana tundu, na harufu ya pamba iliyoungua.

Sasa kosa langu ndilo hili, na ndilo nililowaitia hapa. Mwalimu angepiga picha. Mfanyabiashara angepiga picha. Hata mlevi wa pombe ya komoni angeita jirani aje ashuhudie. Mimi dobi. Doa halilazwi. Mkono uliamka wenyewe. Kabla akili haijafika nilikuwa nje na limao, chumvi na beseni.

Na kwa kuwa mmelipa kusikiliza, hata kama hamjalipa, mjue doa la kutu. Usiliguse kwa dawa ya kung'arishia nguo, utalifanya lihamie humo moja kwa moja. Kamua limao juu ya doa, nyunyiza chumvi laini, tandaza kwenye majani palipo na jua. Likianza kukauka ongeza limao, usiache likauke. Suuza kwa maji ya vuguvugu, rudia. Mimi nilirudia mara tatu. Jua halijashuka, vitambaa vilikuwa vyeupe ukiviangalia unatoa machozi. Nikajipongeza. Mjinga mimi, nikasimama pale mikono kiunoni, najipongeza.

Mama Lusajo akarudi kutoka sokoni. Akaliona tundu. Akaingia ndani, akatoka na kile kisindano chake chenye ndoano, akakaa, akaanza kufumua pale palipoungua na kufuma upya. Kila mtu na ugonjwa wake. Mimi siwezi kuona doa, yeye hawezi kuona uzi umekatika. Ijumaa jioni tausi alikuwa na kichwa. Kwa hiyo kutu nimetoa mimi, tundu kaziba yeye. Ushahidi wote tumeumaliza kwa mikono yetu, kwa ufundi wa hali ya juu, bure.

Shida ni uzi. Uzi wa zamani haupo tena madukani. Mwili wa tausi una rangi ya maziwa, kichwa cheupe kama kimepakwa chaki. Jumuiya wakaja, wakasali, na kabla ya Amina kukauka mama mwenyekiti akasema, "Mama Lusajo, huyu tausi wako siku hizi anavaa kilemba?" Wakacheka. Mama Lusajo akacheka nao. Walipoondoka akakikunja kitambaa, akakifungia sandukuni, meza ikabaki uchi. Akaniambia neno moja la mwezi huo.

"Sitaki pasi nyingine. Nataka walipe tausi wangu."

Haya. Mimi kuandika sijui, kwa hiyo nikatuma sauti kwa simu, kwa lile duka. Ya kwanza ilikuwa dakika kumi na moja, kwa sababu lazima umsalimie mtu, umuulize habari za mvua, umweleze unatoka kwa nani. Akanijibu kidole gumba. Nyie, nimeongea dakika kumi na moja nimejibiwa kidole. Nikatuma nyingine. Ikaja meseji, jirani akanisomea: "Pole sana mteja wetu. Tuma picha ya uharibifu." Nikapiga picha kitambaa, nikatuma. Akajibu, "Mzee, hapa naona kitambaa kizuri."

Nikapiga simu. Mwenye duka anaitwa Kelvin, sauti laini, ukimsikia unaweza kumkabidhi mtoto akushikie.

"Baba, usihangaike. Rudisha pasi, tutakupa nyingine."

"Nyingine ya nini? Mbwa wako kaniuma, unanipa mbwa mwingine?"

"Baba, sisi tumeuza pasi. Kitambaa hatujauza."

"Lakini pasi yako ndiyo imekichoma."

"Sasa baba, si ni kitambaa tu. Vipo sokoni."

Simu ilikuwa inasikika kwa nje. Mama Lusajo alikuwa anapembua mchele pale. Hakunyanyua kichwa. Siku tatu nilikunywa chai haina sukari, na kwenye kabati sukari ipo, naiona.

Nikaenda kwa mtendaji wa mtaa. Kijana mzuri, msomi, kalamu mbili mfukoni. Nikamwaga stori yote. Akaandika, akaandika, akafika mahali akauliza, "Mzee, huo uharibifu uko wapi niuone?"

Nikamwambia, "Nimeufua."

Akaweka kalamu chini. Akaniangalia kama mtu aliyekuja kushtaki ameibiwa kuku, na kuku kamkumbatia.

"Na ile sehemu iliyoungua?"

"Mama kaifuma."

"Na boksi la pasi?"

"Lina vifaranga."

Aliinamisha uso mezani, mabega yakawa yanacheza. Alipomaliza kucheka ndipo akanieleza, na haya ndiyo nataka myabebe nyie mnaopenda vya kwenye simu. Kitu kikiharibu, mikono nyuma. Acha kama kilivyo, hata kama kinakuwasha. Piga picha kitu kibovu, piga na kilichoharibiwa, vikiwa pamoja. Boksi usiwape kuku. Meseji ya malipo usiifute. Mapema, siku hiyohiyo, mwambie aliyekuuzia, na useme wazi unadai viwili: kitu kibovu, na kile ambacho kibovu kimekiharibu. Wao watakukazania kimoja, wajifanye cha pili hawajakisikia. Wakikataa kabisa zipo ofisi za serikali za kumtetea mnunuzi, lakini huko nako watakuuliza uharibifu uko wapi. Ukijibu umeufua, shauri yako.

Nilitoka pale nimejaa hasira mpaka njiani nikamsalimia ng'ombe. Miaka thelathini nimetoa madoa ya watu, damu, divai, matope, mafuta ya gari, lipstiki kwenye kola za waume za watu, na hakuna hata siku moja utaalamu umenidhuru. Ila hili moja.

Sasa kwa wale mnaotaka kuondoka mkawahi mechi, mwisho wake nawaambia hapahapa. Tulilipwa. Kelvin alilipa pasi, alilipa uzi, alilipa na siku za mikono ya Mama Lusajo kama alivyozitaja mwenyewe, na hakupunguza hata siku moja. Mama ameanza kufuma tausi mwingine, sasa hivi kazi imefika miguuni. Nendeni kwenye mechi. Lakini jinsi Kelvin alivyokubali ndiyo stori, na nikiikumbuka hasira inapungua nusu kilo.

Tulipanda basi, mimi na mama, pasi kwenye kiroba, tausi kwenye pochi yake. Hilo duka nilidhani ghorofa. Kumbe ni chumba kimoja nyuma ya wauza viatu, maboksi mpaka darini. Ndani yupo Kelvin, kavaa shati jeupe, safi, la kitambaa kizuri, nikaona hapa kuna mtu anajipenda. Yupo na mama mmoja wa makamo, Mama Furaha, kazi yake kufunga mizigo, kainama kwenye maboksi na utepe wa gundi mdomoni. Na wateja wawili wamekuja kuchukua vitu vyao.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi ndiye wa dakika kumi na moja."

Akanikumbuka. Uso ukashuka.

Mama Lusajo akamtandaza tausi juu ya kaunta. Wateja wakasogea. Mmoja akagusa mkia kwa kidole, akauliza mama unauza. Mama akasema hapana. Kelvin akakiinua kitambaa, akakigeuza.

"Mama, mbona hii ni kazi nzuri sana. Imeharibika wapi?"

"Kichwani."

"Kichwa si kipo?"

"Nimekirudisha mimi."

"Basi kama kimerudi, mama, tatizo limekwisha."

Nikamsimulia koti la mwalimu mkuu, lote, mpaka matarumbeta. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Huo utaratibu wa madobi, mzee wangu. Sisi wa mtandaoni tunawajibika na kitu tulichouza."

"Kwa hiyo ukiniuzia jiko, likachoma nyumba yangu?"

"Nakupa jiko jipya."

"Nikalipikie wapi?"

Wateja wakaangua kicheko. Kelvin naye akaanza kupandwa na hasira.

"Mzee, tuseme ukweli. Hizi pasi ni nzima. Inawezekana wewe uliweka maji machafu."

Nyie. Nimeambiwa matusi mengi maishani. Nimeitwa mshamba, nimeitwa mwizi wa vifungo. Kuambiwa nimeweka maji machafu, mimi, niliyekuwa nachuja maji kwa kitambaa kabla ya kuloweka hata soksi. Niliona giza.

Mama Lusajo akanishika mkono, akaitoa pasi yetu kwenye kiroba, akaiweka kwenye kaunta. Akaongea taratibu, kama anaongea na mtoto wake.

"Mwanangu, hiyo pasi ni nzima?"

"Nzima kabisa, mama."

"Weka maji yako wewe."

Kelvin akafungua chupa ya maji ya kunywa, akajaza. Akachomeka ukutani. Pasi ikaanza kupata moto, ile taa yake nyekundu inatuangalia.

"Sasa tunajaribia kwenye nini?" akauliza, anatafuta tambara.

"Kwenye hilo shati lako," mama akasema.

"Hili?"

"Si umesema pasi ni nzima. Utaondoka umenyooka."

Yule mteja aliyemgusa tausi alikuwa ameagiza pasi kama hiyohiyo, boksi lake lipo kwapani, na sasa alikuwa anamwangalia Kelvin bila kupepesa. Kelvin akamwangalia yeye, akaangalia pasi, akaniangalia mimi. Ujana ni kitu kibaya. Akasema hamna shida, akafungua kifungo cha kwanza. Akafungua cha pili. Alipofika cha tatu, Mama Furaha akanyanyuka kule kwenye maboksi, akaung'oa ule utepe mdomoni, akasema kwa uchungu wa mzazi kabisa:

"Bosi, usivue, si lile shati jingine la juzi mpaka leo kutu haijatoka."